Nani Atatunza Kaseti Zetu? Gemu za Zamani Kwenye Simu za Tunduma

Historia ya taarab imeandikwa, ya dansi imeandikwa, hata maneno ya kwenye khanga yana watafiti wake. Historia ya gemu za video Tanzania bado inaishi zaidi vichwani mwa waliozicheza, na wengi wao hawajioni kama mashahidi wa historia yoyote. Muulize mtu wa miaka thelathini na tano hapa Tunduma alicheza nini utotoni. Atacheka kwanza, halafu atakutajia Mario, Contra, gemu ya vifaru, Winning Eleven. Muulize sasa ile mashine ilitoka wapi, nani aliileta, iliishia wapi. Kicheko kinakatika, kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Lakini mwambie akuonyeshe simu yake. Mara nyingi utakuta katikati ya WhatsApp na programu za kutumia pesa kuna alama ndogo ya emuleta, na ndani yake gemu zilezile za zamani. Emuleta ni programu inayoifanya simu ijifanye mashine nyingine. Simu ya bei ya kawaida kabisa inaigiza Nintendo ya mwaka 1983, au PSP ya mwaka 2004, na gemu inaamini iko nyumbani kwake.

Tunduma ni mji wa kusubiri. Ni mji wa mwisho wa Tanzania kabla ya Nakonde, Zambia, na malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi yanapanga foleni kurudi nyuma hadi Mpemba na zaidi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, mambo yakaenda haraka kuliko zamani, lakini foleni ni foleni. Madereva wanalala chini ya matela, wanapika, wanachaji simu kwa betri ya lori. Na wanacheza. Wiki chache zilizopita utingo mmoja aliniona nachungulia simu yake akaniambia, "Dada, hii ni Contra. We unaijua?" Nikamwambia naijua kwa sauti zaidi kuliko kwa macho. Hakunielewa. Nitaeleza mbele kidogo.

Nchi isiyo na skrini

Tuanze na jambo ambalo vijana wakiambiwa wanadhani ni utani: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikaingizwa kwenye katazo hilo. Haikuwa chuki ya teknolojia. Serikali ilikuwa na kompyuta tangu katikati ya miaka ya 1960, pale Wizara ya Fedha, na majaribio ya kuendesha hesabu za nchi kwa mashine yalileta hasara na aibu. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na televisheni ilionekana kuwa anasa ya watu wa mjini. Zanzibar walienda njia yao, wakawa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya pili ya barabara, walikuwa na televisheni tangu 1961, ilipoanza kurusha matangazo kutoka Kitwe, huko kwenye migodi ya shaba. Sisi wa bara tulisubiri mpaka mwaka 1994.

Kwa hiyo hesabu yetu ya gemu ni tofauti na ya wenzetu. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo iliuza Famicom ya kwanza Japani kwa yeni 14,800. Mashine hiyo ilisanifiwa na timu ya Masayuki Uemura. Mwaka huohuo, Tanzania ilikuwa kwenye msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikuwa wanatupa mali usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Sabuni na dawa ya meno zilikuwa habari kubwa, na kwa mji wa mpakani neno magendo lilikuwa la kila siku. Mtoto wa Tunduma wa mwaka 1983 hakuikosa Famicom peke yake. Aliikosa skrini ya kuichomekea, mara nyingi na umeme wa kuiwasha pia.

Milango ilifunguka polepole. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Ikaja enzi ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na katazo la kompyuta likalegezwa hadi kufutika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni zikaanza kupanda kwenye mabasi, redio kubwa za kaseti nazo, halafu deki za video.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika hili. Bidhaa za China hazikuanza kufika Tunduma na gemu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Wazee wetu walinunua bidhaa za Kichina, na fedha ile ikalipa vibarua wa reli. Kizazi kimoja baadaye, wajukuu walinunua Mario ya Kichina. Njia ilikuwa imeshazoeleka.

Kaseti ya njano

Nasema Mario ya Kichina kwa makusudi. Nintendo halisi watoto wa huku hawakuiona. Kilichofika mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ni mashine za kuiga, zilizotengenezwa Taiwan na China, zenye ubongo ule ule wa Famicom uliobanwa ndani ya chipu moja. Urusi mashine kama hiyo iliitwa Dendy, Afrika Kusini iliitwa Golden China. Huku kwetu iliitwa tu gemu. "Wana gemu kwao" ilikuwa sentensi kamili, na mtoto wa nyumba hiyo alikuwa na marafiki wengi kuliko kawaida.

Ndani ya boksi mlikuwa na pedi mbili, bunduki ya plastiki ya kupigia bata, waya wa kuchomeka nyuma ya televisheni palipokuwa pakichomekwa antena, na kaseti, nyingi za njano. Juu ya kaseti paliandikwa 64 kwa 1, au 9999 kwa 1. Hiyo ya mwisho ilikuwa ulaghai wa wazi: ukishuka kwenye orodha unakuta gemu zilezile zinajirudia, nyingine Mario anaanzia hatua ya tatu, nyingine anaanza akiwa mkubwa, na kila moja imehesabiwa kama gemu mpya. Watoto waligundua siku ya kwanza, wakaendelea kuhesabu hivyohivyo kwa sababu majirani walikuwa na 64 tu.

Majina tulijipa wenyewe. Battle City ya kampuni ya Namco ilikuwa gemu ya vifaru. Circus Charlie ilikuwa ya simba. Contra ilibaki Contra, kwa sababu ni neno linalotamkika. Lugha ya kuchezea ilikuwa Kiswahili kilichotiwa Kiingereza cha kwenye skrini: steji, laifu, bosi, "nimebakiza laifu moja", "usimwamshe bosi". Kabla ya mwalimu wa darasa la tatu kutufundisha neno select, watoto wa nyumba zenye gemu walikuwa wameshalijua, japo hawakujua maana yake ya darasani.

Contra ina hadithi ya pembeni inayofaa kusimuliwa. Gemu hiyo ya kampuni ya Konami ni ngumu, unapewa laifu tatu tu. Lakini ukibonyeza kwa mpangilio fulani, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, halafu B na A, unapata thelathini. Mpangilio huo ulibuniwa na Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki Februari 2020. Aliuweka mara ya kwanza katika gemu ya Gradius ya mwaka 1986 kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akishindwa kuimaliza wakati wa kuijaribu. Siri ile ilisafiri dunia nzima kwa mdomo. Ilifika mpaka mitaa ya Tunduma bila gazeti, bila intaneti, ikipita kwa binamu aliyetoka likizo Mbeya, au mtoto wa dereva aliyeipata Dar. Ukitafuta mfano wa fasihi simulizi ya miaka ya 1990, huo mmoja.

Kibandani

Baada ya kaseti zikaja sahani. PlayStation ya kwanza, halafu ya pili, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuwa mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote. Nyumba chache zingeweza kuinunua, lakini mtu mmoja mwenye mashine mbili, televisheni mbili na chumba cha mabati angeweza kufungua biashara. Hivyo vikazaliwa vibanda vya gemu, ndugu wa vibanda umiza vya video na mpira. Mechi moja ilikuwa shilingi mia au mia mbili, na aliyefungwa ananyanyuka.

Gemu kuu ilikuwa Winning Eleven, mpira wa miguu wa Konami. Nakala nyingi zilikuwa za Kijapani, zimechomwa kwenye CD, na mtangazaji alikuwa Jon Kabira akipiga kelele kwa Kijapani. Vijana walimwiga. Mtu akifunga goli, kibanda kizima kinapaza sauti kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja aliyeijua. Walimjua Castolo, mshambuliaji ambaye hakuwahi kuzaliwa, aliyebuniwa kwa ajili ya timu zisizo na leseni ya majina halisi. Walijua kwamba Adriano wa Inter akipewa mpira mguu wa kushoto, kipa aombe dua.

Wakati huohuo, chumba cha pili mtaani kulikuwa na filamu za Hong Kong na Marekani zilizotafsiriwa na watu kama Lufufu, msimuliaji maarufu wa video aliyezungumza juu ya sauti za waigizaji na kuzigeuza filamu zikawa zake. Wataalamu wa fasihi wamewaandika wasimuliaji wa video, na wamefanya vizuri. Gemu hazikupata Lufufu wake. Kila mchezaji alijisimulia mwenyewe, na watazamaji walioshika zamu nyuma ya kiti walimsaidia.

Sasa niseme nilichomwambia yule utingo. Mimi kibandani sikuingia. Hakukuwa na tangazo mlangoni kwamba wasichana hawaruhusiwi, wala hapakuwa na haja. Nilikaa nje nikiuza karanga za mama kwenye beseni, mgongo wangu umeegemea mabati, na nyuma ya mabati kulikuwa na Contra upande mmoja na Winning Eleven upande mwingine. Nilijua muziki wa steji ya kwanza ya Contra wote. Nilijua sauti ya laifu ikikatika, nilijua bosi amefika kwa jinsi wavulana walivyonyamaza. Kaka yangu akitumwa kuitwa nyumbani, mimi ndiye niliyetumwa. Nilisimama mlangoni, nikaona mwanga wa bluu kwenye nyuso zao sekunde tano, nikasema "mama anakuita", nikageuka.

Siandiki hivi kulalamika. Nakumbusha tu kwamba ukiwauliza waliokuwa ndani peke yao, utapata nusu ya historia. Nje ya kila kibanda kulikuwa na watu: wauza karanga, wauza barafu, wadogo waliokosa mia, wasichana. Walisikia yote.

Simu iliyokatwa mtandao

Simu ndiyo iliyofanya mchezo utoke chumbani. Kwanza ilikuwa nyoka wa Nokia. Gemu hiyo iliandikwa na Taneli Armanto wa Finland na kutokea katika Nokia 6110 mwaka 1997, lakini huku wengi tulikutana naye kwenye 3310 na 1100. Nyoka hakuwa na kibanda. Mama aliyekuwa na simu sokoni alicheza nyoka akisubiri wateja, na mtoto wa kike aliyeshikishwa simu ya baba alicheza nyoka mpaka betri ilie.

Zikafuata gemu za Java, zile mafaili yaliyoishia na jar. Zilipakuliwa Waptrick kwa vocha ya shilingi mia tano, zikarushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, na zilizobaki zilipatikana kwa yule kijana wa stendi mwenye kompyuta moja, anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi. Kwake ulilipia nyimbo mia mbili, akakuwekea gemu kama nyongeza. Nadhani kwa watu wengi wa umri wangu huyo alikuwa maktaba ya kwanza waliyoitembelea kwa hiari.

Halafu simu za Kichina za laini mbili, zenye spika ya kusikika mtaa wa pili. Watu wengi wamesahau kwamba nyingi kati ya simu hizo ziliuzwa zikiwa na emuleta ya Nintendo ndani yake tayari, imewekwa kiwandani pamoja na gemu kadhaa. Yaani Mario alifika kwenye simu za Tunduma kabla ya Android kufika.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Namba ya utambulisho ya simu ikikosekana kwenye orodha, mtandao unakatika. Ilikuwa mwaka uleule ambao mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Lakini kinachokatwa ni mtandao tu. Simu yenyewe haifi. Zile za laini mbili zilizozimwa zilirithiwa na watoto, na kwa watoto hazikuwa simu tena, zilikuwa gemu. Nilipofikiria baadaye niliona kwamba pengine huo ndio ugawaji mkubwa wa mashine za Nintendo uliowahi kutokea Songwe, na hakuna aliyeupanga.

Mkalimani

Inafaa kueleza emuleta inafanya nini hasa, kwa sababu ndani yake kuna wazo linalowahusu wapenzi wa fasihi.

Famicom ilikuwa na ubongo wa aina ya 6502, unaopiga mizunguko kama milioni 1.79 kwa sekunde, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya KB 2 tu. Gemu iliandikwa kwa lugha ya ubongo huo. Ubongo wa simu ya leo hauielewi lugha ile hata kidogo. Emuleta inakaa katikati. Inasoma amri moja ya zamani, inaifanya kwa njia ya simu, inasoma inayofuata, mara mamia ya maelfu kila sekunde. Hapa mpakani kazi hiyo tunaijua. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mfanyabiashara wa Nakonde akizungumza Kibemba na mteja wa Kyela akizungumza Kiswahili, kuna mtu katikati anayegeuza maneno na hesabu, kwacha kwa shilingi, bila kuongeza lake. Mkalimani mbaya anaongeza lake. Emuleta mbaya nayo hivyohivyo: muziki unakwenda mbio, rangi zinageuka.

Faili la Super Mario Bros., gemu nzima ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto, lina baiti 40,976. Ni dogo kuliko picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp. Ili kubana nafasi, waundaji walitumia mchoro mmoja kwa mawingu na kwa vichaka, wakabadilisha rangi tu, nyeupe juu na kijani chini. Ukishaambiwa huwezi kuacha kuona. Na baiti tatu za kwanza za faili ni herufi N, E, S. Huo ni utaratibu uliowekwa katikati ya miaka ya 1990 na Marat Fayzullin, mwandishi wa mojawapo ya emuleta za mwanzo, na hadi leo mafaili mengi ya gemu hizo yana saini hiyo mwanzoni, kama bismillahi ya kwenye utenzi.

Kwa PSP mambo ni makubwa zaidi. Programu ya PPSSPP, aliyoianzisha Henrik Rydgård mwaka 2012, ndiyo inayotawala foleni ya malori. Ndani yake unakuta mpira wa Konami uliofumuliwa na kushonwa upya na vijana: jezi za msimu huu, usajili mpya, Simba na Yanga ndani ya mashine ambayo Sony waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Kumwita mtu wa namna hii mwizi wa gemu ni kumpunja. Anaongeza sura kwenye kitabu cha watu.

Nakala na haki

Lakini swali la wizi lipo na siwezi kulipita kando. Emuleta yenyewe ina nguvu kisheria. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Sony dhidi ya Connectix kwa upande wa watengeneza emuleta. Nakala ya gemu ni jambo jingine. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia niliyoisimulia hapa, kaseti za njano, sahani za kuchomwa, memori kadi za stendi, ilipita nje ya sheria.

Upande mmoja wa moyo wangu unasema: bila nakala hizo tusingekuwa na kitu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kununua. Kama huko ziliko rafu na maduka hali ni hiyo, huku ambako hazikuwahi kuuzwa rasmi mtu angenunua wapi? Fasihi yetu yenyewe iliokolewa na wanakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vichwani mwa watu na W. E. Taylor akayaandika, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940, miaka mingi baada ya mshairi kufa. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya Muyaka.

Upande wa pili wa moyo unanikumbusha yule kijana wa stendi. Kompyuta ileile iliyotupa Mario ilikuwa inanakili nyimbo za wanamuziki wa Mbozi na Mbeya, watu tuliowaona kwa macho wakipanda daladala. Nintendo haikufilisika kwa ajili ya Tunduma. Msanii wa Mlowo aliyerekodi albamu kwa fedha ya kahawa ya baba yake, akaikuta stendi inauzwa nyimbo mia mbili kwa bei ya soda, yeye aliumia kweli. Mkono uliotutunzia vya mbali ndio huo uliowanyang'anya wa karibu. Anayesifia nakala aseme na hilo, na anayelaani nakala aseme tungehifadhi kwa njia gani nyingine.

Mimi msimamo wangu ni huu. Kucheza gemu ya mwaka 1988 ambayo hakuna duka linaloniuzia hakunikoseshi usingizi. Kunakili kazi ya msanii anayeishi na kuuza kunanikosesha. Mstari huo hauko wazi kila mahali, ila upo.

Kinachopotea

Mashaka yangu makubwa hayako kwenye sheria. Ulaya, Marekani na Japani kuna watu waliohifadhi Super Mario Bros. baiti kwa baiti. Faili hilo halitapotea. Kitakachopotea ni Mario yetu: ile ya 9999 kwa 1 iliyoanzia hatua ya tatu, menyu yake yenye muziki wa ajabu na picha ya ufukwe, ile Winning Eleven yenye jezi za Ligi Kuu zilizochorwa na kijana asiyejulikana, gemu za jar zilizokuwa kwenye memori kadi ambazo leo ukizitia kwenye simu zinaomba kufutwa. Ni nakala za nakala, na wahifadhi wengi wanazipita kwa sababu hazina usafi. Lakini hizo ndizo tulizocheza. Mwanahistoria akija miaka hamsini ijayo akacheza faili safi la Kijapani, atakuwa amecheza gemu ambayo mtoto wa Tunduma hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo kama una kaseti ya njano kwenye sanduku la marehemu babu, usiitupe. Kama una memori kadi ya mwaka 2010 isiyosomeka vizuri, mpelekee fundi aitoe yaliyomo kabla haijafa. Kama baba yako au mjomba alikuwa na kibanda, kaa naye: ilianza lini, televisheni alinunua wapi, umeme ulikatika mara ngapi kwa wiki, nani alikuwa bingwa wa mtaa, polisi walikuja wakasema nini. Andika kwa Kiswahili kilekile alichokisema. Wapenzi wa fasihi tumezoea kukusanya methali na ngano za bibi. Kibanda nacho kina ngano.

Na usiache kuwauliza waliokuwa nje. Mimi nimeimaliza Contra mwaka jana, kwenye simu, nikiwa na miaka thelathini na minane, kwa laifu thelathini za Hashimoto. Steji ya kwanza niliitambua kwa muziki kabla sijaiona. Kilichonishangaza ni rangi. Miaka yote ile, upande wangu wa mabati, nilidhani pale ni usiku. Kumbe kuna miti, kuna maji ya bluu, na wale wanaume wawili wanakimbia katikati ya rangi zote hizo.